Shibe ya Kabasele

Goti la Kabasele lilianza kuuma baada ya Pasaka, na kwa muda hakuna aliyelitilia maanani, kwa sababu mtoto yule alizoea kulalamika kila alipotumwa. Akiambiwa alete maji, miguu inauma. Akiambiwa aende dukani, kifua kinabana. Baba yake Kabongo, mtunza bohari katika stesheni ya Kindu, alisema ugonjwa wa aina hiyo dawa yake ni kusimama na kutembea, kisha akacheka na kumsogezea mwanawe kipande kingine cha mkate kilichopakwa majarini. Kabasele alikuwa na miaka kumi na miwili. Ukimwona kwa nyuma ungedhani ni mtu mzima aliyeazima kaptura ya mtoto.

Bitota, mama yake, ndiye aliyeona kwamba safari hii si uvivu. Alikuwa anafagia uani asubuhi, mtoto akapita akitoka chooni. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzika, na unyayo umegeukia nje kama wa bata. Bitota akaacha kufagia.

"Tembea tena, nione."

Kabasele akatembea hadi kwenye pipa la maji, akarudi. Jasho lilimtoka puani. Alipoulizwa panapouma akaonyesha goti. Bitota akapiga magoti, akaliminya huku na huku. Halikuvimba, halikuwa na joto, na mtoto hakushtuka. Hapo ndipo alipoingiwa na woga, maana kidonda kinachoonekana alikijua, lakini maumivu yasiyokuwa na mahali hakuyajua. Akamfunga mgongoni mtoto wake mdogo, Clémentine, aliyekuwa bado hajaota jino, akamshika mkubwa mkono, wakaenda polepole hadi zahanati ya wafanyakazi wa reli.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Mama Pélagie. Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kikristo, yakabaki ya kuitana majumbani tu, na ofisini alikuwa na jina jingine la mababu, lakini wanawake waliozalishwa naye hawakuweza kulizoea. Alimtazama Kabasele akiingia, akaona namna alivyojishika kwenye fremu ya mlango kabla ya kuinua mguu. Akataka kumpima uzito. Mizani ya watoto haikumfaa, na ile ya watu wazima springi yake ilikuwa imekatika tangu mwaka uliopita na hakuna aliyeleta nyingine. Pélagie akafikiri kidogo, akasema ng'ambo ya barabara iko mizani nzuri.

Hivyo ndivyo Kabasele alivyopimwa kwenye mizani ya mizigo, katika bohari ya baba yake, mbele ya wapagazi waliokuwa wanashusha mchele wa Kibombo. Walimpandisha juu ya bamba la chuma. Mpagazi mmoja akauliza kama mzigo huu unakwenda Kalemie au Lubumbashi, maana ni lazima aandike kwenye behewa. Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akaweka gunia la mchele kando ya mtoto, akasukuma jiwe la mizani, akatangaza kwamba gunia limeshindwa.

Kabongo alitoka ofisini na kalamu sikioni kuona kelele ni za nini. Aliposikia, naye akacheka. Alicheka kwa fahari, kama mtu aliyesifiwa nyumba yake, akawaambia wapagazi kwamba watoto wa wenye kazi ndivyo walivyo. Kabasele alimtazama baba yake, akatazama chini kwenye bamba la chuma, akabaki hivyo mpaka alipoambiwa ashuke.

Waliporudi zahanati, Pélagie alimlaza mtoto kitandani, akaukunja mguu, akajaribu kuugeuzia ndani. Haukukubali. Kabasele akapiga ukelele mfupi.

Muuguzi alimtuma mtoto akakae kibarazani, kisha akazungumza na Bitota kwa sauti ya chini. Alisema hajui hasa kilichoharibika, na asiyejua hapaswi kupaka dawa ya kuchua na kunyamaza. Mtoto apelekwe Kisangani, kuna mashine ya kupiga picha mifupa. Kwa sasa alale, asibebe kitu, asikimbie. Tena chakula chake kigeuzwe: sukari itoke, maziwa ya kopo yatoke, mikate na maandazi yapungue.

"Uzito huu ni wa mutu mukubwa," alisema. "Mifupa ni ya mutoto. Inabeba kitu isichoweza."

Bitota alihisi uso unamwaka. "Niliisha kuzika mutoto mumoja juu ya njaa, Mama Pélagie. Unataka nizike wa pili?"

Pélagie aliijua habari hiyo. Wanawake wote wa kambi ya reli waliijua. Bitota alikuwa ametoka Kasai miaka ile ya wakimbizi, na binti yake wa kwanza, Ntumba, alimfia mapajani njiani, mwepesi kama kikapu kitupu. Alipozaliwa Kabasele hapa Kindu, mama yake aliapa kwamba huyu hatalia njaa hata mara moja. Akilia ananyonya, akilia tena anapewa chupa, na kila kilio cha mtoto, hata cha usingizi, hata cha nepi iliyolowa, kilijibiwa kwa maziwa.

"Siye pia tulikosa," muuguzi alisema. "Mimi njo nilimuvika Kabasele utepe siku ile ya mashindano ya watoto wazuri. Mufanyabiashara alileta makopo ya maziwa, tukampa yule aliyenenepa kupita wote. Tulitazama unene tu. Hatukutazama unakokwenda."

Bitota alimweka Clémentine sawa mgongoni. Alikumbuka utepe ule. Alikuwa bado anao.

*

Nyumbani kwa Kabongo palikuwa na mama yake mzazi, Kabedi, ambaye watoto walimwita Kaku, yaani bibi, kwa lugha ya kwao Kasai. Kaku alikuwa na kazi moja aliyoichukua mwenyewe: kuangalia sahani za watu. Mtoto akibakiza ugali, Kaku aliuliza nani amemroga. Akimaliza, alimwongeza.

Jioni ile Bitota alimpakulia Kabasele ugali kiasi cha ngumi yake, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mdogo wa mto Lualaba. Chai akamtilia bila sukari. Mtoto alikula kwa dakika chache, akakaa anatazama chungu. Macho yake tu yalitoka kwenye chungu yakaenda kwa mama, yakarudi. Bitota ilimbidi atoke nje, ajifanye anaangalia moto, maana macho yale aliyaona zamani kwenye uso mwingine. Aliporudi akakuta Kaku amekwisha kumpakulia mjukuu wake sahani ya pili, na sukari amemimina kwenye chai mpaka kijiko kinasimama.

Siku zilizofuata nyumba ikawa na vita vya kimyakimya. Bitota akificha bakuli la sukari, Kaku analifichua. Bitota akimkataza mtoto kununua maandazi njiani, Kabongo anampa pesa za kununulia. Kabasele mwenyewe akaanza kuiba. Mama yake alikuta kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, likiwa limelambwa hadi kwenye bati. Alimchapa, akachukia kumchapa, kisha akambembeleza kwa kipande cha mkate kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumbembelezea mtoto.

Alipomweleza mumewe habari ya Kisangani, Kabongo alisema wangoje. Bohari ina wakaguzi, likizo haiwezekani. Kuhusu chakula alikasirika hasa. Mwaka ule sukari ilikuwa imekwisha madukani Kindu tangu maduka ya wageni yalipogawiwa wenyeji na kuachwa matupu. Lakini kwa mtunza bohari haikukosekana. Magunia hupasuka njiani, na kinachomwagika hakirudi ndani ya gunia. Watu walijua. Kabasele ndiye aliyewajulisha, kwa mashavu yake.

"Mutoto akikonda watasema nini?" Kabongo aliuliza. "Watasema Kabongo amefukuzwa kazi. Ao watasema muke yake hajui kupika."

Bitota alikwenda kumlalamikia jirani yake, Mwanahamisi, mwanamke wa hapahapa Maniema aliyezaliwa karibu na msikiti wa zamani. Watoto wa Mwanahamisi walikuwa wembamba na wenye nguvu kama kamba. Walichota maji, walifukuza mbuzi, walioga mtoni mpaka jua linazama. Bitota aliwahurumia siku zote. Hakumruhusu Kabasele acheze nao, kwa kuogopa mto, kwa kuogopa miembe, kwa kuogopa minyoo na kila kitu kingine. Na mtoto alipelekwa shule kwenye baiskeli ya baba mpaka siku baiskeli ilipopinda rimu. Sasa alimwuliza jirani yake anawalishaje wale watoto.

Mwanahamisi alicheka bila furaha. Alisema hakuna akili yoyote hapo. Wanakula sombe kwa sababu ni sombe iliyopo, na wanatembea kwa sababu hakuna cha kuwapakia. Akipata sukari leo, atawapa leo hiihii.

"Usinisifu kwa umasikini, Mama Kabasele," alisema. "Kila mutu anapatia mutoto kile alichonyimwa."

*

Bulaimu alikuja Jumapili. Alikuwa kiongozi wa Chama katika kambi ya reli, mtu mwembamba wa suti ya abakosti iliyofungwa vifungo hadi kooni, na beji yenye uso wa Kiongozi wa nchi kifuani. Alikaribishwa kiti kizuri, akaletewa bia. Sikukuu ya Chama ya tarehe ishirini Mei ilikuwa imekaribia, na mkubwa wa mkoa mdogo angekaa jukwaani. Bulaimu alikuwa anatafuta watoto wa kutembea mbele ya gwaride la vijana.

Alimwita Kabasele, akamzungusha kwa bega, akamtazama kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. Kisha akamgeukia Kabongo akasema huyu ndiye atakayeshika bendera.

"Wengine wote wanatembea na mbavu inje," alisema. "Mutoto kama huyu njo anaonyesha ya kuwa Zaire inakula."

Kabongo aliposikia hivyo alionekana kama mtu aliyepandishwa cheo. Bitota alisimama mlangoni na Clémentine mgongoni. Aliongea kwa adabu yote aliyokuwa nayo, akasema mtoto mguu wake mgonjwa, muuguzi amekataza kukimbia, labda mwakani. Bulaimu alimsikiliza akitabasamu, akasema kutembea si kukimbia. Kisha akamwambia Kabongo, bila kumtazama Bitota, kwamba wakaguzi wa bohari ni rafiki zake, na kwamba inampendeza kuona sitwayeni, yaani raia, wa reli hawafichi watoto wao siku ya Chama.

Alipoondoka, Bitota alimsihi mumewe. Alimsihi jikoni, akamsihi kitandani, akamsihi asubuhi akiwa anafunga viatu. Kabongo alisema huwezi kumkatalia Bulaimu kitu kinachotembea na miguu miwili. Mwishowe Bitota alimwuliza Kabasele mwenyewe, akitumaini mtoto atalia na kukataa.

Kabasele hakulia. Alikaa kwenye mkeka akijikanda goti. Shuleni alikuwa anaitwa Gunia, tangu siku ile ya mizani, kwani mpagazi mmoja alikuwa na mtoto darasa lake. Hakuna timu iliyomtaka, hakuna aliyekaa naye benchi moja kwa hiari.

"Mimi nitaenda, mama," alisema. "Nitakuwa nashika bendera. Hawatacheka."

Vijana wa Chama walimfanyisha mazoezi kila alasiri uwanjani, magoti juu, mikono ikae sawa. Sare ilishonwa kwa vitambaa vya sare mbili. Kila alipotoka mazoezini, mama yake alimkuta uso umepauka, naye alisema hapaumi sana.

*

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali tangu saa tatu. Bitota hakuwa miongoni mwa watazamaji. Wanawake wa kambi ya reli walikuwa wamelazimishwa kuingia kikundi cha ngoma za Chama, na alisimama kando ya jukwaa amevaa kitenge chenye uso wa Kiongozi, anapiga makofi na kuimba na wenzake, huku shingo yake imegeukia barabarani. Clémentine alikuwa ameachwa kwa Kaku.

Gwaride la vijana likatokea upande wa stesheni. Kabasele alikuwa mbele, peke yake, hatua kadhaa mbele ya wengine, na bendera. Kweli hakuna aliyecheka. Watu walimtazama kwa mshangao, na mwanamke mmoja kwenye umati akasema kwa sauti kwamba huyo ana baba. Kabongo alikuwa nyuma ya viti vya wakubwa pamoja na Bulaimu, amenyoosha shingo.

Bitota aliona mguu. Kila ulipoinuka ulichelewa kidogo, na kila ulipokanyaga bega la mtoto lilishuka. Walipofika mbele ya jukwaa amri ilitolewa, vijana wote wakainua magoti juu zaidi wakapiga chini kwa nguvu. Kabasele naye akainua, akapiga. Akaanguka.

Hakuanguka kama mtu aliyejikwaa. Alikaa chini ghafla, kama aliyeondolewa kiti, bendera ikalala juu yake. Kisha kicheko kikaanza upande wa watoto, kikasambaa, kikafika hadi viti vya mbele, ambako watu walijifunika midomo. Gwaride halikusimama. Vijana walipita kushoto na kulia kwake wakiangalia mbele, kama maji yanavyopita jiwe.

Bulaimu alishuka mbio, akamshika mtoto kwapani pamoja na kijana mwingine, akamwamuru asimame, asiaibishe Chama. Walimvuta juu. Waliposimamisha ule mguu ardhini Kabasele alipiga ukelele uliokata ngoma. Hapo Bitota alikuwa amekwisha kufika. Hakukumbuka baadaye alivyopita kati ya wachezaji. Alimsukuma kiongozi wa Chama kwa mikono miwili kifuani, mbele ya watu wote, akamkumbatia mwanawe palepale lamini.

"Godefroid," alikuwa anasema, jina la ubatizo la mwanawe, lililokatazwa. "Godefroid yangu, usisogee."

Unyayo wa kushoto ulikuwa umelala kando kabisa, umetazama nje, kama usiokuwa wa mtu yule. Bitota aliinua macho akamtafuta mumewe. Kabongo alikuwa bado amesimama nyuma ya viti. Mkubwa wa mkoa mdogo alikuwa anamwuliza kitu, naye alikuwa ameinama anajibu.

Kumbeba mtoto hakukuwezekana. Wanaume watatu walijaribu, wakamwumiza zaidi. Mwishowe Mwanahamisi alikwenda stesheni, akarudi na wapagazi na kigari chao cha mizigo. Ni walewale wa mizani. Safari hii hakuna aliyetania. Walimlaza juu ya magunia matupu, wakamsukuma polepole wakikwepa mashimo, na mmoja wao alivua shati lake akamfunika uso dhidi ya jua.

*

Walisafiri kwa meli ya mto hadi Ubundu, kisha kwa treni hadi Kisangani, Bitota na watoto wake wawili. Kabongo hakwenda. Alisema Bulaimu ana hasira, na huu si wakati wa kuacha bohari wazi. Alitoa tiketi za bure za familia ya reli, akakaa bandarini mpaka meli ikakata kona, hilo lazima lisemwe.

Daktari wa Kisangani alikuwa kijana ambaye wagonjwa walimwita Célestin, mwenye kuongea taratibu. Alimwonyesha Bitota picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha. Kichwa cha mfupa wa paja, alisema, kinakaa juu ya shingo yake kama kifuniko, na kwa mtoto anayekua kifuniko hicho bado hakijashikana imara. Uzito ukizidi kinateleza. Hiki kilikuwa kinateleza kwa wiki nyingi, kidogokidogo, na maumivu yalishuka gotini, ndiyo maana hakuna aliyetazama nyonga. Siku ya gwaride kilitoka chote.

Bitota aliuliza kama wangekuja mwanzoni ingekuwaje. Daktari alisema angekishikilia kwa msumari wa chuma pale kilipokuwa, na mtoto angetembea vizuri. Sasa atatembea, lakini mguu utakuwa mfupi na hautakunjika sawa, maisha yake yote.

Alitaka kujua mtoto alivyolelewa, naye Bitota akamweleza kila kitu tangu chupa ya kwanza, tangu kabla ya hapo, tangu Ntumba. Alieleza kama anayeungama, akingoja kugombezwa. Daktari hakumgombeza. Alimnyoshea kidole Clémentine, aliyekuwa ananyonya.

"Anza na huyu," alisema. "Akilia, uliza kwanza analilia nini."

Alimweleza mengine pia: ampe ziwa na si chupa maadamu analo, na uji usiotiwa sukari atakapofika wakati wake, akishiba amwache, asimfungue mdomo kwa nguvu, akianza kutambaa amshushe chini, na akianza kukimbia asimkamate. Na mkubwa asinyimwe chakula, maana bado anakua. Maharage, samaki, majani, tunda. Kinachokatwa ni sukari na mafuta ya kukaangia. Mguu ukipona, maji yatamfaa kuliko barabara, amfundishe kuogelea.

Kabasele alilala miezi kwenye kitanda cha chuma, mguu umevutwa kwa kamba na jiwe. Alikula chakula cha hospitali, kidogo na kibaya. Mwanzoni alilia njaa, na Bitota alikaa kando yake akimshika mkono, bila kitu cha kumtia mdomoni, wakahadithiana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bitota kujua kwamba mtoto wake anapenda kuhesabu mabehewa, na kwamba ana mzaha. Alizaliwa miaka kumi na miwili nyuma, na mama yake ndiyo kwanza anazoeana naye.

*

Walirudi Kindu msimu wa mvua. Kabasele alishuka melini na magongo, amepungua nusu, mguu wa kushoto hauifikii ardhi sawasawa. Kaku alipomwona alijitupa chini bandarini akaomboleza. Alilia mashavu ya mjukuu wake yaliyokwisha, akamlaani aliyemnyima chakula. Kuhusu mguu hakusema kitu. Nyumbani alikuwa amekwisha kuchinja kuku, na bakuli la sukari lilikuwa katikati ya meza.

Bitota hakugombana. Alilichukua bakuli akampelekea Mwanahamisi, akarudi, akapakua mwenyewe. Kaku alipotengeneza chupa ya maziwa kwa ajili ya Clémentine siku ya pili, Bitota aliimwaga mbele yake. Maneno aliyoambiwa hayakuwa machache: kwamba alimuua wa kwanza kwa njaa, na sasa amezoea. Aliyasikia yote akiwa amesimama. Mumewe alikuwepo, akifunga viatu, hakuinua kichwa.

Shule ilifunguliwa. Kila asubuhi mama na mwana walitoka mapema kuliko wote, kwa sababu Kabasele alitembea polepole, na Bitota alitaka atembee. Clémentine alikuwa mgongoni. Walipumzika kwenye jiwe la karibu na reli, wakaendelea. Wakati mwingine watoto wa Mwanahamisi waliwapita mbio, wakarudi, wakambebea mkoba.

Asubuhi moja, walipokuwa wamepumzika jiweni, wanaume wawili walipita upande wa pili wa reli. Mmoja alikuwa Kabongo. Mwingine alikuwa mkubwa mpya wa stesheni aliyehamishwa kutoka Lubumbashi, mtu mnene mwenye sauti nene. Mkubwa alimwona mtoto akijiinua kwa magongo, akasimama. Kwa upole kabisa aliuliza mtoto yule mlemavu ni wa nani.

Kabongo aliwatazama. Bitota alimwona akiwatazama.

"Wa jirani," alisema.

Wakaendelea na safari yao kuelekea ofisini, wakizungumza habari za mabehewa. Bitota alingoja mwanawe aseme kitu. Kabasele alirekebisha magongo kwapani, akasema watachelewa, akatangulia.

Jioni walikaa kula wote. Kulikuwa na wali, maharage na sombe, na Bitota alikuwa amempakulia mwanawe sahani nzuri, kiasi kinachomfaa. Kabongo alikula kwa haraka akisimulia alivyoongea na mkubwa mpya, jinsi mtu huyo alivyo mwungwana. Kabasele alishika kijiko. Aligusa wali, akakiweka chini. Akaisogeza sahani mpaka katikati ya mkeka.

"Nimeshiba," alisema.

Kaku akaanza kumbembeleza. Kabongo naye akamwambia ale, ale aote nguvu, akamsukumia kipande chake mwenyewe cha samaki. Mtoto alitikisa kichwa bila kumtazama. Bitota aliyekuwa anamnyonyesha Clémentine alimwangalia mumewe kwa muda, kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Mumuache. Leo asubuhi alisikia mupaka akashiba. Wewe njo umemushibisha."

Mkono wa Kabongo ulibaki hewani juu ya sahani. Kaku aliangalia huyu na huyu, akauliza kuna nini. Kabasele alichukua magongo yake, akajiinua taratibu, akatoka nje, na humo ndani walisikia magongo yakigonga ua, hatua kwa hatua, yakielekea kwenye kelele za watoto wa jirani.